STAA KAMCHAMBA FUNDI MTANDAONI, KUMBE SHIDA NI KIMPIRA TU!

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina lipo kapuni, wiki hii kaiteka mitandao. Sio kwa ngoma mpya. Ni kwa klipu anayomchamba fundi wa gereji, eti kala hela ya klachi nzima na gari bado gia haziingii. Mashabiki nao wakashuka kama mvua: mwizi huyo, kanjanja huyo, gereji ifungwe.

Haya, nyie mliotukana, mliisikiliza klipu mpaka mwisho?

Gari lenyewe ni Hilux ya kizamani, ile ya kukanyaga klachi. Staa anaeleza kwa mdomo wake kwamba pedali ilikuwa inazama mpaka chini na hairudi. Akiipampu mara tatu nne inapata nguvu, gia inaingia, baada ya muda imezama tena. Hapo hapo kajichoma mwenyewe.

Klachi ya Hilux inasukumwa na mafuta ya breki. Juu, karibu na pedali, kuna masta. Chini, ubavuni mwa gia boksi, kuna silinda ndogo. Ndani yake kuna vimpira vya kuzuia mafuta. Vikichoka, mafuta yanavuja au hewa inaingia, na pedali inakuwa laini kama mkate. Ukipampu unapata presha ya muda tu.

Klachi pleti iliyokwisha ina tabia tofauti. Pedali mara nyingi inakuwa fresh tu, ila ukipanda mlima injini inalia, gari haliendi, na harufu ya kuungua inakupiga puani. Na kama kelele inaanza pale unapokanyaga pedali, mshukiwa wa kwanza ni beringi. Kila ugonjwa na dalili zake, bana.

Sasa utamu upo hapa. Kwenye klipu hiyo hiyo fundi anasikika kwa nyuma: "Braza, tuanze na silinda ya chini kwanza." Mpambe anamkata: "Dogo, weka klachi mpya yote, bosi hana shida ya hela." Gia boksi ikashushwa, klachi mpya ikafungwa, na pedali ikazama vile vile. Isizame kwa nini, wakati silinda ni ile ile ya zamani?

Mtasema angekataa kazi. Dogo wa gereji, mikono imejaa grisi, amkatalie staa mwenye wapambe wanne? Tuwe wakweli.

Mafundi wezi wapo, hilo halina ubishi. Anayetaka kushusha gia boksi kabla hata hajafungua boneti, huyo mkimbie. Lakini huyu alisema ukweli, akanyamazishwa, kisha akatukanwa na maelfu ya watu. Wateja wake wakikimbia, nani atamlipia kodi ya nyumba? Staa hapotezi kitu, yeye kapata kiki.

Na wewe unayeendesha gari la kizamani, usiige. Pedali ikizama, fungua boneti uangalie kikopo cha mafuta ya klachi kama kimepungua. Chungulia juu ya pedali kama kuna majimaji. Kisha gari likiwa limezimwa, mwambie mwenzako akanyage, wewe angalia ile silinda ya chini kama inavuja na kama kijiti chake kinasukuma. Kama ni Kirikuu, klachi yake ni ya waya, kagua waya kwanza. Hayo yote ni bure. Kushusha gia boksi sio bure.

Klipu mpaka leo ipo, haijafutwa, na msamaha hakuna. Aliyekuwa na sauti ya kumchamba fundi mbele ya watu wote, anayo sauti ya kumwomba radhi mbele ya watu hao hao.

Mnaonaje wadau, staa aombe radhi au apotezee? Funguka hapo chini.