Katazo Lisilotaka Kujua

Kisu hukata mkate, na kisu hicho hicho hukata mkono. Mwenye hekima hakitupi baharini kwa sababu mtoto amejikata. Hukiweka mahali pa juu, asikifikie ila ajuaye kukitumia. Zipo dawa ambazo dunia ilizitendea kinyume cha hekima hii, na walioadhibiwa kwa kosa hilo ni wagonjwa.

Dawa nizisemazo ni zile ziletazo njozi. Mwaka wa 1943 Albert Hofmann, mkemia wa mji wa Basel, Uswisi, aligundua nguvu za LSD. Mwaka wa 1958 yeye na wenzake walitenga sailosibini kutoka katika uyoga ambao waganga wa Oaxaca, Meksiko, walikuwa wakiutumia tangu kale. Madaktari wa maradhi ya akili wakaanza kuzijaribu. Katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, Humphry Osmond aliwapa LSD watu walioshindwa kuacha ulevi, akaona dalili za matumaini. Majaribio mengi ya siku zile yalikuwa na kasoro. Lakini kasoro ya uchunguzi hutibiwa kwa uchunguzi ulio bora zaidi.

Haikuwa hivyo. Vijana wengi wa Marekani walipozitumia kwa anasa, wakubwa waliingiwa na hofu. Sheria ya mwaka wa 1970 iliziweka katika daraja moja na heroini, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka wa 1971 ukalieneza katazo hilo. Mlango wa sayansi haukufungwa kabisa, lakini ulibakizwa ufa mwembamba hata wachunguzi wengi wakakata tamaa. Miaka ikapita, na mwenye huzuni akabaki na huzuni yake.

Mtetezi wa katazo atauliza, "Je, dawa hizi hazina hatari?" Zinayo. Zaweza kumtia mtu hofu kuu, na kumwamshia wazimu yule ambaye ukoo wake una maradhi hayo. Lakini hatari ni sababu ya kuchunguza kwa uangalifu, si sababu ya kutochunguza. Mofini nayo ni hatari, na madaktari huwapa wenye maumivu makali.

Tazama, msomaji, kilichoonekana mlango ulipofunguliwa tena. Mwaka wa 2022 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watu 233 wenye sonona, yaani huzuni iliyogeuka maradhi, ambao dawa za kawaida hazikuwafaa. Kila mmoja alipewa sailosibini mara moja tu, akiwa na wasaidizi waliofundishwa. Baada ya wiki tatu, waliopata nafuu kubwa kati ya waliopewa miligramu 25 walikuwa 37 katika kila 100. Kati ya waliopewa miligramu 1 walikuwa 18. Baada ya wiki 12, nafuu hiyo ilikuwa imedumu kwa 20 tu katika kila 100 wa kundi la kwanza. Huo si muujiza, wala anayeuita muujiza hasemi kweli. Lakini kwa aliyekuwa amekosa kila tiba, si jambo dogo.

Mwezi wa Julai 2023 Australia iliwaruhusu madaktari maalumu kuitumia sailosibini kwa sonona sugu, na MDMA kwa majeraha ya moyo yaachwayo na vita au ukatili. Mwaka wa 2024 idara ya Marekani isimamiayo dawa iliikataa MDMA, ikataka ushahidi zaidi. Silaumu uamuzi huo. "La" iliyotokana na ushahidi yastahili heshima. "La" iliyotokana na hofu haistahili.

Wala usinielewe vibaya, kijana. Sikwambii uchume uyoga porini wala ununue vidonge mitaani. Wagonjwa wale walichaguliwa, wakapimwa, wakaandaliwa, na hawakuachwa peke yao. Nakwambia jambo jingine: kesho ni wewe utakayekuwa daktari, hakimu au mtunga sheria. Utakapoletewa katazo ulitie sahihi, uliza kwanza kama limezaliwa na elimu au limezaliwa na woga. Na ukumbuke kwamba nyuma ya kila mlango unaoufunga, huenda yuko mgonjwa anayebisha.