Tope Hukumbuka Yaliyosahauliwa na Lugha

Wapo wanaodai kwamba jambo lisilo na jina katika lugha ya watu halijapata kuwafika watu hao. Hoja hii huisikia sana kutoka kwa wanafunzi wa isimu, na mfano unaopendwa ni neno tsunami. Ni neno la Kijapani, "tsu" ikiwa bandari na "nami" ikiwa wimbi, nalo lilienea vinywani mwetu baada ya mkasa wa Desemba 26, 2004. Basi husemwa kwamba hilo ni balaa la Wajapani na Waindonesia. Mkaazi wa Pwani yetu halimhusu, sembuse wa Thika au Ruiru.

Hoja hiyo ni dhaifu, na kinachoiangusha ni tope.

Mnamo 2020 jarida la Geology lilichapisha utafiti ulioongozwa na Vittorio Maselli wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada. Miongoni mwa wenzake alikuwamo mwanaakiolojia Elinaza Mjema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walichunguza Kumbamtoni, karibu na Pangani nchini Tanzania, palipokuwa na kijiji cha wavuvi yapata miaka 1,000 iliyopita. Ndani ya tabaka la mchanga mlikuwa na mifupa ya watu isiyo na dalili za maziko ya kawaida. Umri wa tabaka hilo unakaribiana na wa matabaka mengine yaliyopatikana kandokando ya Bahari ya Hindi, na watafiti wakahitimisha kwamba bahari iliinuliwa na tetemeko kubwa la upande wa Sumatra. (Mwanaisimu atashawishika kulisoma jina Kumbamtoni kwa kitenzi "kukumba". Nawasihi wanafunzi wajizuie. Jina la mahali lina tabia ya kumpa mtafiti jibu alilokuja nalo.)

Ushahidi wa namna hii husomwaje? Katika ziwa la pwani au kinamasi kilichotengwa na bahari kwa ukingo wa mchanga, mashapo laini hutua polepole, mwaka baada ya mwaka. Bahari ikivuka ukingo kwa nguvu, huacha mchanga, vipande vya kombe na viumbe vidogo mno vya maji ya chumvi ambavyo havingeweza kuishi humo. Kisha tope laini huanza tena kutua juu yake. Mtafiti huteremsha bomba, akatoa mche mrefu wa udongo, akapima kaboni iliyobaki katika mabaki ya mimea ili ajue umri. Kazi ngumu ni kutenganisha tsunami na tufani, kwani tufani nayo hubeba mchanga. Zanzibar ilipigwa na moja mwaka 1872, ikapoteza mikarafuu yake mingi. Lakini tufani hazifiki kwa urahisi karibu na Ikweta, na hilo humpunguzia mtafiti wa pwani yetu mashaka.

Turudi kwenye lugha. Mvuvi Mswahili ana maneno ya bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, matlai na umande. Anayo kwa kuwa anayahitaji kila mwezi, pengine kila siku. Tetemeko nalo lina jina: Kiswahili kina zilzala, lenye asili ya Kiarabu, na Gĩkũyũ kina gĩthingithia. Lakini wimbi linalorudi baada ya vizazi thelathini litatunzwa na ulimi wa nani? Neno huishi kwa kutumiwa. Isitoshe, huenda wale waliokuwa na la kusimulia ndio waliozikwa mchangani.

Mwaka 2004 tuliponea chupuchupu. Ardhi ilitikisika Sumatra kabla ya saa kumi alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yakatufikia mchana maji yakiwa yamekupwa, watu wakiwa wameanza kuondolewa ufuoni. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Somalia ilipoteza karibu 300. Tangu hapo tumejiaminisha kwamba umbali ndio ngao yetu. Waliokufa Kumbamtoni walikuwa na umbali ule ule.

Wajapani, ambao hata neno ni lao, walikuwa na habari ya wimbi la mwaka 869 katika tarikhi yao, na mchanga wake ukapatikana katika uwanda wa Sendai. Mnamo 2009 mtaalamu wa jiolojia alilitaja wimbi hilo katika kikao cha serikali kilichojadili usalama wa mitambo ya nyuklia ya Fukushima. Hakuzingatiwa ipasavyo. Machi 2011 watu zaidi ya 18,000 walikufa au kupotea.

Wala sisi wa bara tusijione tumo salama. Januari 6, 1928, tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipasua ardhi Subukia, na hakuna kubwa kuliko hilo lililopimwa Kenya. Mtikisiko kama huo huporomosha mashapo ya kingo za ziwa hadi kilindini, yakaacha tabaka lililovurugika. Maziwa ya Bonde la Ufa yangeweza kutuambia matetemeko ya namna hiyo hurudi kila baada ya muda gani. Ghorofa zinaota kama uyoga Ruiru, na sijamsikia mjenzi akiuliza.

Shule za Thika na Ruiru hupeleka wanafunzi Mombasa kila mwaka. Wanaonyeshwa Fort Jesus, wanaogelea, wanarudi. Mwalimu wa Jiografia angeanzia nyumbani, kwenye machimbo ya mawe ya Juja, ambako ukuta uliokatwa huonyesha jinsi majivu ya volkeno yalivyolaliana. Huko ndiko mwanafunzi hujifunza kwamba tabaka la chini ndilo la kale. Akifika Pwani, apelekwe pia kwenye mikoko ya Mida, aelezwe habari za Pangani. Na vyuo vikuu vyetu vipeleke mabomba Mida na delta ya Tana, kabla mashapo hayo hayajafukuliwa kwa ajili ya mabwawa ya chumvi na ya samaki. Tabaka likishachanganywa na katapila halisomeki tena.