GARI LAKO: Kimo cha Gari la Spoti

Askari mmoja wa polisi ametuandikia kwamba amenunua Datsun 240Z kuukuu, nayo hukwaruza tumbo kila apitapo njia ya kwenda kambini. Auliza: abadili springi, au atie tairi kubwa zaidi?

Gari hilo si geni katika njia mbovu. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda mashindano ya Safari akiendesha 240Z. Mwaka 1978 Porsche walileta 911 zilizoinuliwa hata nafasi kati ya tumbo na ardhi ikafika sentimita 28, na Vic Preston mdogo akamaliza wa pili. Kuinua gari la spoti, basi, kunawezekana. Ila yapaswa kujua ni kitu gani kinachoinua nini.

Tairi lililoandikwa 175/70 R14 lina upana wa milimita 175, na ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 122 na nusu. Ukitia 175/80, ubavu huwa milimita 140. Gari litapanda milimita 17 na nusu, basi. Wengi huhesabu mbavu zote mbili wakadhani wamepata maradufu, kumbe ubavu wa juu hauinui kitu. Hulisogeza tairi karibu na madigadi tu. Tena spidomita itasema uongo: ikionyesha 100, gari linakwenda karibu 106. Msomaji wetu, kwa kazi yake, ajua jinsi udhuru wa namna hiyo unavyopokelewa barabarani.

Springi huinua bodi na kila kilichofungwa kwenye bodi. Katika 240Z difu imefungwa hapo, kwa hiyo nayo hupanda. Katika pikapu yenye eksile nzima nyuma, difu hubaki palepale hata springi ziwe ndefu namna gani. Huko ni tairi peke yake liwezalo kuinusuru na mawe.

Shokomzoba za kawaida haziinui gari, hutuliza mtikisiko wa springi. Lakini springi zikirefushwa na shokomzoba zikaachwa fupi, gurudumu likiingia shimoni hukwama kabla ya kufika chini, na gari hugonga kwa kishindo. Mipira ya breki nayo huvutika, na mpira wa breki uliokatika mteremkoni haumpi dereva nafasi ya kujuta. Wako mafundi wanaopachika vipande vya mpira kati ya mizunguko ya springi. Sisi hatukushauri kabisa. Gari la spoti hushika kona kwa sababu uzito wake uko chini. Kila sentimita unayoliinua huipunguza sifa hiyo.

Kabla ya kununua chochote, msomaji wetu aliweke gari mahali tambarare, apime kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Upande mmoja ukiwa chini kuliko wa pili, springi zimechoka, wala si ajabu kwa gari lililopita miaka 50. Springi mpya za kipimo cha kiwanda huenda zikatosha. Zisipotosha, na atie tairi lenye ubavu mkubwa kwa hatua moja, kisha akiwa na mwenzake ndani akate usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, asikilize kama tairi linagusa.