Mama Alikuwa Wapi?

Mtoto akinywa mafuta ya taa, majirani huuliza kwanza: mama alikuwa wapi? Nasema swali hili ni la uonevu. Mama alikuwa anafua, au ameenda kuteka maji, au ameinama mekoni akipuliza moto. Hakuna binadamu awezaye kumkodolea macho mtoto wa miaka miwili tangu alfajiri hadi usiku, na aghalabu wanaouliza hivyo hawajawahi kujaribu.

Afadhali tuulize chupa ilitoka wapi. Hapa kwetu Uganda, nyumba nyingi zisizo na umeme bado huwasha tadooba, yaani kibatari. Mafuta yake hununuliwa kidogo kidogo, ya kutosha siku mbili tatu, na muuzaji humimina katika chupa aliyokuja nayo mteja. Chupa yenyewe ni ya soda au ya maji ya kunywa. Kizibo kikipotea, huzibwa kwa kipande cha kaveera. Sikukuu ya Krismasi tulimpa mtoto huyo huyo soda katika chupa kama hiyo. Akiikuta chini ya kitanda siku ya jua kali, anafanya tulivyomfundisha.

Kisha tunamwongezea madhara. Mmoja anamtia kidole kooni atapike, mwingine anakimbilia maziwa au yai bichi. Wote wana nia njema, na wote wanakosea. Mafuta ya taa ni mepesi, na hatari yake kubwa iko mapafuni. Mtoto akitapika, yanapanda tena kooni na ni rahisi yaingie kwenye njia ya hewa. Maziwa hayaui sumu hiyo. Hujaza tumbo tu na kuleta kichefuchefu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, umkimbize kituo cha afya pamoja na chupa. Usingoje kwa kuwa anacheza, maana kikohozi na kuhema huweza kuja saa kadhaa baadaye.

Wataalamu hutushauri tufungie sumu kabatini. Ushauri mzuri, lakini familia ya watu sita katika chumba kimoja cha kupanga ina kabati gani? Kapu lililotundikwa juu darini litasaidia, ila halitoshi. Kinachohitajika ni chombo ambacho mtoto hawezi kukifungua. Marekani ilitunga sheria ya vifungashio vya namna hiyo mwaka 1970, na vifo vya watoto waliomeza aspirini vikapungua sana. Afrika Kusini walipojaribu kugawa vyombo vya namna hiyo kwa mafuta ya taa, watoto waliokunywa mafuta hayo walipungua karibu nusu. Akina mama hawakubadilishwa macho. Kilichobadilika ni kifuniko.

Najua nitajibiwa kwamba kidumu chenye kizibo kama hicho kitapandisha bei, na maskini ndiye atakayelipa. Maskini huyo analipa sasa hivi: nauli ya bodaboda usiku, dawa, siku za kazi zilizopotea wodini. Kampuni zinazoingiza mafuta nchini zitoe vidumu hivyo, mteja arudi na chake kila anaponunua, na serikali imkataze mwenye duka kumimina mafuta ya taa katika chupa ya kinywaji. Kama anaweza kumkatalia mteja noti iliyochanika, chupa ya soda itamshindaje?