Kijana Wako na Fimbo ya Gofu

Baadhi ya wazazi wa hapa Same wametuuliza juu ya vijana wao waliokwenda Moshi na Arusha kubeba mikoba ya wacheza gofu, nao sasa wameazimia kuwa wachezaji wa kulipwa. Je, hiyo ni kazi ya kutegemewa? Kabla ya kutoa rai, tumeona vema tuitazame historia ya Kenya Open, mashindano makubwa kuliko yote ya gofu ya kulipwa katika Afrika Mashariki.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1967 katika uwanja wa Muthaiga, Nairobi, na mshindi wa kwanza alikuwa Mwingereza Guy Wolstenholme. Katika miaka ya 1970 yaliingizwa katika msafara ulioitwa Safari, pamoja na mashindano ya Zambia na Nigeria. Baridi ya Ulaya ilipozuia michezo mwanzoni mwa mwaka, wachezaji wa huko walikuja kutafuta riziki penye jua. Seve Ballesteros wa Hispania alishinda Kenya mwaka 1978, Ian Woosnam wa Wales mwaka 1986, na Trevor Immelman wa Afrika Kusini mwaka 2000. Wote watatu wamepata pia kutwaa taji la Masters nchini Marekani.

Mwaka 1991 mashindano yaliingia katika Challenge Tour, daraja la pili la Ulaya. Mwaka 2019 yakapandishwa daraja la kwanza, na fungu la zawadi likafika yuro 1,100,000.

Pamoja na fahari yote hiyo, hakuna Mkenya aliyepata kulitwaa kombe hilo. Aliyekaribia mno ni Jacob Okello, ambaye mwaka 1998 alilingana na Ricardo González wa Argentina, kisha akashindwa katika mchezo wa ziada. Kipaji basi hakikukosekana. Kilichokosekana ni ngazi: mgeni alikuwa na mashindano karibu kila juma, ilhali mwenyeji alisubiri moja kubwa kwa mwaka. Ndiyo maana Wakenya wakaanzisha Safari Tour, mfululizo wa mashindano ya kuwanoa wachezaji wa kulipwa wa kanda hii.

Wazazi wazingatie pia hesabu yake. Mashindano huchezwa siku nne, mashimo 18 kila siku. Baada ya siku mbili hufanyika mchujo, na anayeachwa kwa kawaida harejei na chochote, ingawa nauli, malazi na chakula amekwisha kuvilipia. Tukumbuke kwamba mcheza gofu hana mshahara. Hula kwa alama zake.

Rai yetu ni hii: msimkataze kijana, wala msiuze shamba la tangawizi kwa ajili ya ndoto yake. Wengi miongoni mwa wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mikoba, hivyo njia anayoiona ni njia ya kweli. Lakini amalize shule, acheze kwanza mashindano ya ridhaa, tena awe na ufundi wa pili mkononi, kama vile kufundisha mchezo au kutunza viwanja. Kipaji kisichokuwa na akiba humrudisha kijana nyumbani mapema, hata akiwa na mkono mzuri.