Mashine ikifuta jina, mwenye jina aende wapi?

Kwetu Kabambare kadi ya mchaguzi haingoji siku ya kura. Kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kadi ya utambulisho: inaulizwa kwenye bariere za njia ya Kasongo, inaulizwa ofisini, inaulizwa mtu anapokwenda kupokea pesa. Kwa hiyo habari ya nani anaandikwa na nani anafutwa inagusa kila nyumba.

Siku hizi kazi ya kufuta huanzia kwenye kompyuta. Baada ya uandikishaji wa 2017 na mwanzo wa 2018, CENI ilitumia mashine kutafuta walioandikwa mara mbili. Maandikisho zaidi ya milioni 5 yalitolewa, wakabaki wachaguzi wapatao milioni 40. Kusafisha orodha ni kazi njema, maana jina linalorudiwa linaweza kuwa mlango wa wizi wa kura. Lakini wakaguzi wa OIF walipoichunguza orodha hiyo mwaka 2018, walikuta wachaguzi karibu 17 kwa kila 100 hawana alama za vidole ndani yake. Tunaoishi kwa jembe, na ndugu zetu wanaochimba dhahabu Salamabila, tunajua jinsi vidole vinavyolika. Mfumo unaotegemea vidole peke yake unaweza kumkosa mtu aliye hai, aliyesimama mbele yake.

Majirani wametutangulia katika jambo hili. Uganda, wazee wa miaka zaidi ya 80 walikosa posho ya serikali kwa sababu kadi yao ya taifa ilikuwa na mwaka wa kuzaliwa wenye makosa, au hawakuwa na kadi kabisa. Kenya, upande wa Garissa, raia wengi walinyimwa kitambulisho kwa sababu alama zao za vidole zilipatikana katika orodha ya wakimbizi. Jamaa zao waliwaandikisha humo wakiwa watoto, wakati wa ukame, ili wapate chakula. Kompyuta haikukosea kuona vidole. Ilichokosa ni kujua habari ya njaa ile.

Kenya ina sheria ya mwaka 2019 inayompa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo zito, na ya kuomba uamuzi uangaliwe tena. Kwetu Kongo, Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 imeweka kanuni za kulinda habari za watu. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo kadi ya taifa ilizinduliwa Kinshasa. Kazi hiyo itakapofika vijiji vyetu, sheria iliyo Kinshasa itamsaidia mjane wa Kabambare ikiwa tu kuna mahali karibu pa kuidai.

Kitabu cha Matendo, sura ya 6, kinasimulia wajane waliosahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wangoje orodha nyingine. Walisikiliza manung'uniko, wakaweka watu saba wanaojulikana kwa majina, wenye sifa njema, washughulikie jambo hilo. Ulinzi unaanzia hapo.

Basi tuombe viongozi mambo matatu. Anayekataliwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa. Awepo mtu hapa kwenye teritware, anayejulikana, mwenye uwezo wa kurekebisha, ili mgonjwa au mama mwenye watoto asilazimike kusafiri hadi Kindu. Na huduma isikatwe wakati malalamiko yanachunguzwa.

Makanisa nayo yana kazi. Tunajua nani alizaliwa lini, nani alibatizwa, nani alihama vita. Orodha zitakapobandikwa, wazee wa kanisa wakae na wasiojua kusoma, watafute majina yao pamoja nao, na waandike majina yaliyokosekana.