Tishati ya Kijani Haimwagilii Mche

Watu wangu, leo naandika nikiwa ushago, Gesima, kaunti ya Nyamira, na nina neno na sisi vijana wa kujitolea. Tunapenda sana siku ya kwanza. Siku ya kwanza ina tishati za bure, ina soda, ina mheshimiwa ameshika koleo jipya ambalo halijawahi kugusa udongo, ina picha. Siku ya arobaini haina mtu. Na kama hujawahi kufuatilia mche, wacha nikuambie: haufi siku ya kwanza. Unakufa hiyo ya arobaini, wakati wewe ushapata likes zako na kusahau ulipanda wapi.

Mnakumbuka 13 Novemba 2023? Serikali ilitupa likizo ya taifa ya kupanda miti, lengo miti milioni 100 kwa siku moja. Lengo kubwa lenyewe ni miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Kukaletwa na programu ya simu, JazaMiti, unaingiza miti uliyopanda na mahali. Halafu 10 Mei 2024 tukapewa siku nyingine ya kuomboleza waliokufa kwenye mafuriko, na hiyo pia tukaambiwa tupande. Sipingi hata moja. Nchi ambayo inapumzika kazi ili ipande miti, hiyo ni nchi inajaribu.

Lakini angalia kalenda ya huku. Katikati ya Novemba mvua za vuli zinakaribia kuisha. Desemba hadi Februari ndiyo miezi ya jua kali, na huo ndio wakati mche wa wiki sita unataka maji. Desemba yote watu wako kwenye mood ya Krismasi. Januari wanafunzi wanarudi shule, wenye kazi wanarudi Nairobi, na anayebaki na ule mche ni ng'ombe. Ng'ombe harudi Nairobi. Ng'ombe yuko hapo, ana muda, na ana njaa.

Wangari Maathai alilijua hili kitambo. Mwaka wa 1977, alipoanzisha Green Belt Movement, miche saba ilipandwa pale Kamukunji, Nairobi. Ulikuwa mwanzo mdogo tu, na kama angeishia kwa ile sherehe hatungekuwa tunamtaja. Kilichofanya kazi ni mfumo uliofuata: akina mama vijijini waliotesha miche kwenye vitalu vyao, wakapanda, na malipo yao madogo yalitolewa kwa mche uliopona. Soma tena hapo. Uliopona. Ukipanda mia na wakapona kumi, unahesabiwa kumi. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata, ilikuwa ni baada ya karibu miaka 30 ya watu kurudi kuangalia miche. Sasa linganisha na sisi, ambao tunahesabu mashimo.

Turudi Gesima. Huku kwetu ni kijani kila mahali, mpaka mgeni wa kutoka town anashangaa unamweleza nini kuhusu mazingira. Anaona chai, anaona ndizi, anaona miti mirefu imesimama bondeni. Shida ni hiyo miti mirefu ni mingi yake blugamu, mikaratusi, na bonde ndiko kuliko na chemchemi. Blugamu inakunywa maji vibaya sana. Unaipanda karibu na chemchemi, baada ya miaka kadhaa wale waliokuwa wanajaza jerikeni dakika mbili wanasimama foleni nusu saa wakingoja itone. Marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliamuru mwaka wa 2009 mikaratusi iondolewe kando ya mito na maeneo chepechepe. Ni miaka mingi sasa. Shuka bondeni lolote uone kama amri ilifika.

Na si ati wazee wetu ni wabaya au hawajui. Blugamu ndiyo benki ya nyumbani. Shamba limegawanywa mpaka limekuwa kipande, bonasi ya chai inakuja ikitaka, na fees haingoji. Blugamu kumi unauza kwa mtu wa mbao au wa nguzo, au kama kuni, maana hata viwanda vya chai vinachoma kuni kukausha majani, na mtoto anarudi shule. Wengi wenu mnaosoma hapa mmesomeshwa na hiyo miti, usijifanye. Kwa hivyo kijana akitoka town na tishati yake amwambie mzee, "Guka, ng'oa hii miti, inamaliza maji," anastahili jibu atakalopewa.

Kitu kinachosikika ni kumwonyesha mzee atapata nini pale kando ya maji badala ya blugamu. Nepia, kwa mfano, inashika udongo wa ukingo, na ng'ombe anakula baada ya miezi, hangoji miaka. Mianzi pia inashika ukingo na ina soko. Blugamu ikae juu, mbali na chemchemi, pale shamba limekauka na hakuna kingine kinachotaka kumea. Hayo ni mazungumzo ya watu wawili wazima. Halafu kuna hii: ukikata blugamu, shina linachipua. Ukikata mara moja ukapiga picha ukaenda, baada ya mwaka una blugamu nne pale palipokuwa na moja. Lazima urudi kupogoa machipukizi, tena na tena, mpaka lile shina likate tamaa. Sijui kazi nyingine ya kujitolea inayomwonyesha mtu mvivu haraka hivyo.

Na msidhani maji haya ni ya Gesima pekee. Mto Gucha, ule wengine wanauita Kuja, unaanzia huku Nyamira kwenye vilima vya Kiabonyoru, unateremka Kisii, unapita Migori hadi Ziwa Victoria. Chenye tunatupa bondeni kina safari ndefu kuliko wengi wetu.

Sasa tuongee kutupa. Tangu 28 Agosti 2017 majuala yamepigwa marufuku Kenya, na faini yake ilitangazwa ni kati ya milioni mbili na nne, au jela. Mimi nasema wazi ile sheria ilifanya kazi. Wadogo zangu hawajui kuona majuala yakining'inia kwenye ua kama maua. Lakini sheria iliacha vifungashio vya kutoka kiwandani, ile plastiki ya mkate, ya maziwa, ya sabuni ya kumi kumi, na hiyo ndiyo tunayo. Kijijini hakuna lori la kaunti linalopita mlangoni. Zamani kila taka ya nyumbani ilikuwa na mwenyewe: maganda ya ndizi ni ya ng'ombe, makombo ni ya kuku, majivu yanaenda shambani. Nyanya zetu hawakuwa na neno la kuishi kijani kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuishi. Chinsaga ilienda soko ndani ya kikapu, na kikapu kikarudi nyumbani. Leo chinsaga bado inaenda soko, lakini kikapu tumekiweka ukutani kama pambo, kwa sababu tumeona kwa Instagram kinapendeza.

Taka moja ambayo haina mwenyewe kabisa ni nepi za kutupa. Tuseme ukweli, hili jambo watu hawapendi kuliandika. Choo cha shimo zinakijaza, mbwa anazifukua, moto hauzimalizi. Kwa hivyo zinaenda migombani ama bondeni, usiku. Dawa ambayo watu wa mtandao wanatoa ni rahisi: rudini kwa nepi za kitambaa! Sawa. Nani atafua? Na maji ya kufulia nani atayabeba kutoka kwenye ile chemchemi inayotona?

Hapo ndipo mimi huwa nakasirika kidogo na hii mambo ya maisha endelevu. Kila hatua tunayosifu mtandaoni ina kazi ndani yake, na ile kazi huwa inamwangukia msichana. Nepi za kitambaa, anafua yeye. Maji ya kumwagilia mche, anabeba yeye. Mboga za kienyeji badala ya za dukani, anachambua yeye, na kama hujawahi kuchambua managu za familia nzima jioni moja, usiniambie ni rahisi. Halafu kijana wa kiume ndiye mwenye simu, anashuti video ya "jinsi tunavyoishi kijani kwetu." Buda, weka simu chini, beba jerikeni. Hiyo ndiyo hatua yako ya kila siku. Kama familia inataka kurudi kwa nepi za kitambaa, wacha kaka wa nyumba awe ndiye wa maji. Kama haiwezekani, basi tusimlaumu mama mwenye mtoto wa miezi mitatu. Tuwasukume wale wanaotengeneza na kuuza wachangie gharama ya kuziondoa. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka wa 2022 tayari inasema mtengenezaji ana jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutumika. Ipo kwenye karatasi. Ishuke mpaka Gesima.

Kuna mtu atauliza hii kazi yote itafanywa na nani, na lini, na mimi ni mwanafunzi. Wakisii walishajibu. Kuna egesangio: kikundi kidogo cha majirani wanaozunguka, leo shamba lako, kesho langu, keshokutwa la yule, mpaka wote wamefikiwa. Kuna risaga pia, ambayo ni kubwa: unaita majirani wengi kwa kazi moja nzito na unawapikia. Ukiangalia egesangio vizuri utaona siri yake ni zamu. Huwezi kuja siku moja ukapotea, kwa sababu shamba lako linakuja, na kila mtu anakumbuka ulikuwa wapi. Hakuna cheti. Hakuna tishati. Kuna aibu, na aibu inafanya kazi kuliko cheti.

Ndiyo maana nina wasiwasi na kitu kimoja kizuri. Mtaala mpya umeleta mafunzo ya huduma kwa jamii sekondari ya juu. Wanafunzi watatumwa kwa jamii, watafanya mradi, watapimwa. Wazo ni safi kabisa. Lakini nawajua wanafunzi, mimi ni mmoja wao. Kitu chochote chenye alama kinageuka kuwa picha na ripoti. Nawaona tayari: watu thelathini, miche thelathini, siku moja, ripoti yenye rangi, halafu watu thelathini wengine mwaka ujao wanapanda kwenye mashimo yaleyale. Walimu wangu, naomba kwa heshima: mkipima, pimeni mwaka wa pili. Nendeni na mwanafunzi pale alipopanda, muulize, "Wako ni upi?" Na kama umekufa aeleze ulikufaje, kwa sababu hata hiyo ni elimu kuliko picha.

Kwa sisi ambao tuko nje ya hayo mambo ya alama, naona njia moja ambayo haihitaji hela ya mtu wala barua ya chifu. Shule zinafungwa Aprili, Agosti na Novemba, kwa hivyo kila mwaka una nafasi tatu za kuwa ushago. Chagueni chemchemi moja. Moja tu, si kata nzima. Watu watano wa boma zinazochota hapo wanatosha, na mwenye shamba lazima awe ndani tangu siku ya kwanza, maana ni ardhi yake na anaweza kuwafukuza. Aprili mvua iko, pandeni nepia na miti ya kienyeji kuzunguka maji, na mzungushie ua wa miiba kabla hamjaenda popote; ua ndio kila kitu, ng'ombe hasomi kibao. Agosti mnakata nepia, mwenye shamba analisha, anaona faida, anaanza kuwasikiliza kuhusu blugamu zake. Novemba mnapogoa machipukizi na kufunika mashina ya miche na majani makavu ya ndizi ili Januari isiikaushe. Mnapokuwa shule, aliyebaki nyumbani anaangalia, na nyinyi mnamtumia kitu. Salio la simu, soksi, chochote. Anafanya kazi yenu.

Kuna jamaa aliniambia juzi, "Wewe na chemchemi yako moja, viwanda vya dunia vinachafua hewa, utabadilisha nini?" Sijasema nitabadilisha hali ya hewa ya dunia. Nimesema jerikeni ijae kwa dakika mbili tena. Huyo jamaa, by the way, kwao wanachota hapohapo, na zamu ya kwanza ya kukata nepia Agosti nimeshamwandika.